Binti Aliyesoma Kuanzia Nyuma

Vitabu vya kwanza vya katuni viliingia nyumbani kwa Fundi vikiwa ndani ya tumbo la kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mtumba, kimoja kati ya vile vinavyoshushwa kwenye makontena vikiwa vimebebana miguu juu, naye alikinunua kwa kupenda mbao zake. Fundi alikuwa fundi makochi. Kazi yake ilikuwa kuvivua viti nguo zao kuukuu, kukaza mikanda, kubadilisha springi na sponji, kisha kuvivalisha upya mpaka mwenye kiti akija kuchukua aulize, "Hiki ndicho changu kweli?" Siku hiyo alipochana kitambaa cha chini, akitegemea kukutana na vumbi na vifungo vilivyopotea kama kawaida, alimwagikiwa na vitabu. Vilikuwa vifupi, vinene, vimejaa picha nyeusi na nyeupe kutoka jalada hadi jalada. Kuna mtu huko vilikotoka aliyevishindilia humo ili kuziba mahali springi ilipokatika.

Msaidizi wake, bwana mmoja mrefu aliyeitwa Misumari kwa sababu alizoea kuibana midomoni anapogonga, aliokota kimoja akakigeuza huku na huku.

"Bosi, haya ni maandishi au kuku kapita na miguu yenye tope?"

Fundi angevitupa, na hadithi ingeishia hapo. Lakini siku hiyo binti yake alikuwa amelala na homa katika chumba cha nyuma ya karakana, ametoka shule mapema, na hakuna kilichokuwa kikimtuliza. Mama yake alifariki mtoto akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, kwa hiyo kubembeleza wagonjwa ilikuwa kazi ya Fundi pia, kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Akavipangusa vumbi vile vitabu kwa shati lake, akampelekea.

"Tazama picha," alimwambia. "Maneno yaache, si ya kwetu."

Aliporudi na chai alimkuta mtoto ameketi, nywele zimemsimama, macho yanang'aa kwa homa au kwa kitu kingine.

"Baba, hiki kitabu kinasomwa kinyumenyume. Mwanzo wake uko mwisho."

"Umejuaje?"

"Huyu mtu huku amekufa, wamemzika kabisa. Huku kwingine yuko hai anakula. Sasa mtu hawezi kuzikwa halafu ndiyo ale. Kwa hiyo huku ndiko mbele."

Fundi alibaki na kikombe mkononi. Alikitazama kile kitabu, akamtazama mwanawe, akaona kwamba alichosema hakina kasoro. Siku iliyofuata alimsimulia Misumari, Misumari akamsimulia muuza vitambaa, na kabla juma halijaisha mtaa mzima ulikuwa unamwita Kinyume. Mwenyewe hakuchukia. Aliliitikia lile jina kana kwamba alikuwa akilingoja.

Tangu hapo ikawa ni desturi. Wafanyabiashara wa fenicha za mtumba walipomwona Fundi walimpungia mkono kutoka mbali: "Fundi, nimekuwekea vile vya kuku!" Walivikuta kwenye droo za makabati, chini ya magodoro, wakati mwingine vimezungushiwa vioo ili visivunjike. Kinyume alivipokea kama watu wengine wanavyopokea wageni. Alivilainisha kurasa kwa pasi ya vuguvugu, akavibandika migongo iliyochanika kwa gundi ya karakana, akavipanga kwenye rafu ambayo baba yake alimpigia kwa mabaki ya mbao za sofa.

Na alivisimulia. Hilo ndilo lililomfanya Fundi amstaajabie binti yake kuliko hata alama zake za shule. Akitoka shule alipanda juu ya sofa lisilo na kitambaa, akafungua kitabu, akaanza kusoma picha kwa sauti: upepo ukivuma aliuvumisha, farasi akianguka alimwangusha, jemadari mwenye jicho moja alipochomoa upanga, Misumari alisimama na nyundo hewani.

"Sasa akamkata au hakumkata?"

"Inaendelea kitabu cha saba. Cha saba hatuna."

"Hatuna! Mtu unamwacha amening'inia na upanga shingoni halafu hatuna? Huo ni uungwana gani?"

Basi kitabu cha saba walikitunga wenyewe, Kinyume akachora kwa chaki ya kukatia vitambaa, kwenye makaratasi ya vipimo, Misumari akishikilia kwamba jemadari asife. Miaka kadhaa baadaye kile cha kweli kilipopatikana ndani ya kabati la viatu, jemadari alikufa ukurasa wa tatu. Misumari alikirudisha kitabu kwa mikono miwili, akasema hicho kimekosewa, na hakutaka kusikia zaidi.

Kinyume alikua, na vitabu vikakua naye. Picha zikawa hazimtoshi, akataka maneno. Alipata kamusi kuukuu isiyo na jalada, akapata masomo kwenye simu, akawa anaandika zile herufi za miguu ya kuku kwenye ukungu wa kioo cha dirisha, kwenye vumbi la mashine, kwenye kiganja chake mwenyewe akiwa anangoja maji yachemke. Fundi akipita mlangoni alimsikia mbele ya kioo cha kabati akinguruma maneno mazito kwa sauti ya kifuani, mkono mmoja kiunoni. Hakuelewa hata neno, lakini aliyajua makelele ya mtu anayefanya kazi, na haya yalikuwa ni hayo. Alipita akinyata.

Ile nchi ilikotoka lugha hiyo, baba na binti waliipa jina lao wenyewe: Huko. "Huko wana treni zinazofika kwa wakati mpaka watu wanaombwa radhi zikichelewa kidogo." "Huko kuna maduka marefu kama ghala, yamejaa katuni tu, watu wazima wamesimama wanasoma, hakuna anayewacheka." "Baba, siku moja nitaishi Huko." Alilisema hilo akiwa mtoto, akalisema akiwa chuo cha uuguzi, na akaendelea kulisema akiwa ameajiriwa kwenye zahanati ya mtaa wa pili, akifunga vidonda na kupima presha. Alilisema kwa sauti ileile, bila kupiga kelele, kama mtu anayekutajia saa.

Aliyekereka ni Shangazi. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mwanamke wa maneno makavu na mikono laini. Yeye ndiye aliyemchana Kinyume nywele na kumsuka tangu akiwa mdogo, kwa hiyo alijiona ana haki ya kusema lolote juu ya kilichomo ndani ya kichwa hicho.

"Mdogo wangu," alimwambia Fundi, "huyu msichana ni mtu mzima. Wenzake wana watoto. Yeye bado anasoma watu wanaorukaruka na mapanga."

"Anasoma kwa lugha ya watu, dada."

"Watu gani? Nioneshe mmoja. Nimeishi mtaa huu toka haujawekwa lami, sijamwona hata mmoja wa hao watu akipita."

Fundi alicheka, akaendelea kuvuta kitambaa. Lakini maneno yale yalimkaa. Naye wakati mwingine alijiuliza kama kweli kuna watu Huko, au ni picha tu.

Watu walitokea. Tangazo lilibandikwa ukutani kwenye chuo cha zamani cha Kinyume: Huko wazee walikuwa wamekuwa wengi na vijana wachache, wanatafutwa wauguzi wa kuwahudumia kwenye nyumba za wazee. Watakuja watu wa kuhoji waombaji. Mwenye kuijua lugha atatangulizwa.

Kinyume alirudi nyumbani siku hiyo akitembea taratibu mno, kama aliyebeba beseni la maji lililojaa. Alimweleza baba yake akiwa amesimama. Fundi aliiweka chini stepla yake ya kubania vitambaa.

"Wanataka wanaojua lugha?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi wametaka mtu wangu."

Siku ya usaili walienda pamoja. Fundi alivaa shati la pasi, akaketi kwenye benchi la korido katika jengo la maofisi, na kwa kuwa hakuweza kukaa bila kazi, alilichunguza lile benchi: sponji ya bei poa, limeshonwa na mtu mwenye haraka. Waombaji wengine waliingia na kutoka. Ikafika zamu ya Kinyume. Mlango haukufungwa vizuri, ukabaki na upenyo.

Alimsikia binti yake. Ilikuwa ile sauti ya mbele ya kioo, nzito, ya kifuani, inaunguruma. Kisha kimya. Kisha kitu kama kikohozi. Halafu, Mungu wangu, kicheko: wa kwanza akaanza, wa pili akamfuata, na sauti ya mwanamke ikapanda juu yao ikicheka mpaka inakosa pumzi. Fundi alisimama. Damu ilimpanda. Hata hakujua anataka kufanya nini, alijua tu kwamba hakuna mtu wa kumcheka mwanawe yeye akiwa ameketi.

Mkalimani, kijana mwenye miwani, alitoka akiifuta kwa tai yake.

"Wewe ndiye baba yake? Mzee, samahani, binti yako lugha hii amejifunzia wapi?"

"Vitabuni. Vitabu vya katuni."

"Nilijua! Nilijua!" Kijana alijishika kiuno. "Mzee, anaijua. Tena anaijua sana, usifikiri wanamdharau. Lakini anaongea kama jambazi la zamani, au kama jemadari aliyeshindwa vita. Hakuna mtu anayeongea hivyo tangu enzi za mababu wa mababu zao."

Mengine alisimuliwa na Kinyume mwenyewe, wameketi na soda nje ya jengo, yeye akiitazama chupa bila kuinywa.

"Bwana wa katikati hakujitambulisha. Nikataka kumwuliza jina. Nikasema, 'Taja jina lako kabla upanga wangu haujakutaja!'"

Fundi aliiweka soda yake chini. "Ehe."

"Akaniambia kaa. Nikasema, 'Siketi mbele ya aliyenizidi cheo, hata miguu ivunjike.' Hilo nilidhani ni adabu, Baba. Halafu mama mmoja mzee kati yao akaniuliza kwa nini nataka kuhudumia wazee. Nikainama nikamwambia, 'Ewe mtukufu, uhai wangu huu duni nauweka chini ya nyayo zako.' Hapo ndipo alipocheka mpaka akatoa leso." Aliigeuza chupa. "Nilijua ina vita kidogo, ile lugha. Sikujua ni vita tupu."

Fundi alijizuia. Alijizuia kwa nguvu zake zote, mabega yakamtikisika, mwishowe akashindwa. Kinyume alimtazama kwa hasira, kisha mdomo wake wenyewe ukamsaliti, na wote wawili wakacheka mpaka muuza soda akaja kuuliza kuna nini.

Lakini walipofika nyumbani alijifungia chumbani, na kucheka kukaisha. Wale watu hawakumkataa moja kwa moja. Walisema watarudi msimu ujao, na kama atakuwa amejifunza kuongea kama mtu wa siku hizi, aje tena. Pia yule mama mzee, kabla hajatoka, alifungua mkoba wake akatoa kitabu cha katuni alichokuwa akikisoma kwenye ndege, kona zimekunjwa, akampa kwa mikono miwili. Kinyume hakukifungua. Kwa siku kadhaa alikwenda zahanati na kurudi, akila kimya, na kwenye rafu hakugusa kitu. Ndani ya nyumba ile, ambamo kila jioni mtu alikuwa akikatwa kichwa au akivuka mto juu ya farasi, kulikuwa na mlio wa cherehani tu.

Siku ya mapumziko alitoka na kile kitabu, akajitupa kwenye sofa lililokuwa likisubiri kuvalishwa.

"Hakuna kitu humu, Baba. Kuna bibi anaishi na mkwe wake na paka. Bibi anatafuta miwani. Anatafuta, anatafuta. Kumbe iko kichwani. Basi. Kitabu kizima hakuna hata kofi."

"Wanaongeaje?"

"Kawaida tu. 'Mama, chai imepoa, nikuwekee nyingine?' 'Hapana mwanangu, inatosha.'" Aliutazama ukurasa tena. Akaurudia mstari ule kwa lugha yenyewe, taratibu, kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia ikitoka kwake kwa lugha hiyo, ndogo, ya puani, ya mtu aliye nyumbani kwake. "Hivi ndivyo wanavyosema," alisema. "Kumbe ndivyo."

Alisoma mpaka mchana ukapita. Baadaye alimletea baba yake ukurasa mmoja.

"Huu sijauelewa. Hauna maneno. Umejaa picha, na zote ni bibi huyo huyo kwenye kiti."

Fundi alijifuta gundi mikononi akakipokea kitabu. Alikuwa amevibeba vitabu hivi miaka yote kama tarishi anavyobeba barua za watu, bila kusoma. Sasa aliangalia. Picha ya kwanza, bibi ameketi, mkono juu ya mkono wa kiti. Ya pili, miguu ameivuta nyuma chini yake. Ya tatu, kichwa kimeenda mbele, pua imepita magoti. Ya nne, ameinuka kidogo. Ya tano, amerudi chini, pu. Ya sita ametulia tu, anaangalia dirishani, kama ambaye hakuwa na mpango wowote wa kusimama. Halafu mkono tena, miguu tena, pua tena, na katika picha ya mwisho bibi amesimama, ananyoosha sketi yake, uso mkavu, hakuna kilichotokea.

Fundi alikisogeza kitabu kwenye mwanga.

"Huyu mchoraji," alisema, "amekaa na mtu mzee. Hajasimuliwa. Amekaa naye." Aliweka kidole kwenye picha ya tano. "Na tazama kiti chenyewe. Kikalio chake kimechimbika mno kwenda nyuma, na mikono iko chini sana. Kiti kama hiki kinammeza mtu. Amekichora hivyo makusudi, ili tuone kwamba bibi anapigana na kiti. Unasema hakuna vita humu? Vita ndiyo hii."

Kinyume alikitazama kitabu, kisha akamtazama baba yake.

"Baba, umesoma katuni."

"Nimeangalia kiti."

"Umesoma."

Fundi hakubisha zaidi, maana kweli alitaka kujua ukurasa unaofuata bibi anakwenda wapi.

Kuanzia hapo mazoezi yakaanza. Karakana ikawa nyumba ya wazee. Kila alasiri wakimaliza kazi Fundi alijilaza kwenye sofa akawa bibi, au Misumari akawa babu mkorofi asiyetaka kunywa dawa, na Kinyume akawahudumia kwa ile lugha ya chai iliyopoa. Aliwaamsha, aliwageuza, aliwavisha viatu, akiomba ruhusa kabla ya kugusa na kushukuru baada ya kugusa. Ikimponyoka ile ya zamani, Misumari, aliyekuwa ameshajifunza kuitambua kwa mngurumo, alipiga kelele: "Jemadari! Jemadari amerudi!" Fundi mwenyewe alijifunza maneno mawili matatu, na aliyatamka vibaya mno hivi kwamba Kinyume alimwomba awe bibi bubu.

Shangazi aliwakuta hivyo. Alifungua mlango wa karakana, akamwona mdogo wake amelazwa juu ya sofa la mteja, taulo shingoni, analishwa uji na kijiko.

"Umepooza lini?"

"Sijapooza, dada. Ninajifunza."

"Kupooza?"

Kinyume alimweleza. Shangazi alisikiliza akiwa amesimama, mkoba kwapani, uso umekunjamana kama aliyeonja ndimu. Fundi alingoja bomu. Badala yake Shangazi aliweka mkoba chini.

"Unamgeuza hivyo, utamvunja bega," alisema. "Sogea. Mama yetu nilimuuguza mpaka siku yake ya mwisho, hamkuniuliza hata siku moja nilikuwa nafanyaje. Goti lake kwanza. Ukishika goti na nyonga, mwili wote unakuja wenyewe, na hasikii kama ametupwa. Na usimlishe ukiwa umesimama. Kaa, macho yenu yalingane. Mtu akilishwa na aliyesimama anajiona mfungwa."

Haya ya kumgeuza mgonjwa, Kinyume alikuwa ameyasoma chuoni, lakini la macho hakuna aliyemwambia. Aliketi. Shangazi alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakusema kwamba amebadili mawazo kuhusu mapanga na warukaji. Aliuliza tu, huku akikunja shuka, kama bibi wa kwenye kile kitabu ana ugomvi na yule mkwe, na alipoambiwa hawagombani kamwe, alisema basi hicho kitabu ni cha uongo, nisomee zaidi.

Wahojaji waliporudi, Fundi alikaa kwenye benchi lile lile. Sauti aliyoisikia mara hii ilikuwa ndogo, ya mtu aliye nyumbani kwake. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kimya, kisha mazungumzo, kisha kimya kirefu ambacho kilimfanya Fundi ahesabu nyuzi za kitambaa. Mlango ulipofunguliwa, yule mama mzee alitoka wa kwanza, akamfikia Fundi moja kwa moja, akainama mbele yake, akasema jambo.

"Anasema," mkalimani alitafsiri, "amemwuliza binti yako afanyeje mzee akikataa kusaidiwa kusimama. Binti yako amesema atakaa naye waangalie dirishani pamoja, mpaka mzee mwenyewe atake kujaribu tena. Anasema jibu hilo hawalifundishi."

Fundi hakujua anatakiwa kufanya nini na mwili wake. Akainama pia. Wakainamiana mara kadhaa, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuacha.

Kwamba alikuwa amemsaidia mwanawe kuondoka, hilo Fundi alilielewa kwenye uwanja wa ndege tu. Mpaka hapo alikuwa na shughuli: sanduku la kuimarisha mshono, koti zito la kupunguza mabega, Misumari aliyekuwa akilia waziwazi wa kumtuliza. Kinyume alimshika mikono yote miwili. Shangazi alimkazia kilemba kisichohitaji kukazwa. Halafu msichana akapita ule mlango ambao wasindikizaji hawapiti, akiwa na mgongo ulionyooka, na hakugeuka. Fundi hakuona vibaya. Alijua kwamba angegeuka, asingekwenda, na alimheshimu kwa hilo kama alivyowahi kuheshimu watu wachache sana duniani.

Huko alipangiwa nyumba ya wazee katika mji mdogo wenye reli. Alipiga simu kila alipopata nafasi, akiwaonesha chumba chake chembamba, kitanda kinachokunjwa, theluji ya kwanza aliyoishika akasema ni kama sponji isiyo na uzito. Alisimulia kwamba duka lenye katuni tu lipo kweli, na kwamba siku ya kwanza aliingia akasimama kati ya rafu mpaka miguu ikamfa ganzi, na hakuna aliyemcheka. Alisimulia juu ya babu mmoja aliyekuwa hasemi na mtu. Siku moja Kinyume alijisahau akamwamuru ale kwa lugha ya jemadari. Babu aliweka kijiko chini, akajinyoosha kitandani kama askari, akajibu kwa lugha hiyo hiyo. Tangu siku hiyo akawa halali mpaka wapeane zamu ya ulinzi. Misumari alitaka simulizi hiyo irudiwe kila simu.

Halafu kuna asubuhi moja simu iliita Fundi akiwa na mteja, mama aliyekuja kuchagua kitambaa. Alipotazama, akaona ni saa ambayo Kinyume huwa kazini. Akaipokea haraka.

"Baba."

"Mwanangu. Kuna nini?"

"Bibi wa chumba cha mwisho amefariki. Yule aliyekuwa akinifundisha kufuma kwa uzi. Amefariki alfajiri, na kufikia mchana wa huku kitanda kimeshatandikwa, ameingia mtu mwingine." Sauti yake ilikuwa imebanwa, kama inapita kwenye tundu. "Na huku watu wananyamaza sana, Baba. Kwenye vitabu hawakuonesha watu wanavyonyamaza. Kwenye treni, kwenye ngazi, kila mahali. Nimeshalia kazini, lakini nimelia kwa adabu yao. Sasa nataka kulia kwa lugha yangu."

Maneno yalikuwa tayari yamefika kwenye ulimi wa Fundi. Rudi. Rudi nyumbani, chumba chako kipo.

"Na usiniambie nirudi," alisema Kinyume. "Ukiniambia nitarudi, na sitaki kurudi. Nataka tu nilie, halafu niendelee na zamu."

Fundi aliyameza yale maneno. Yalikuwa makubwa, yalimkwaruza yakishuka.

"Lia, mwanangu," alisema. "Niko hapa."

Akalia. Alilia kwa sauti, kwa kwikwi, akimwita marehemu bibi yule kwa jina, akimwita na mama yake ambaye hakumkumbuka sura. Misumari aliiweka nyundo chini, akaitoa misumari mdomoni mmoja mmoja. Mama mteja alishika kitambaa bila kukitazama. Fundi alisimama katikati ya makochi yaliyo uchi, simu imemkandamiza sikio mpaka likamwuma, akisikiliza, na jinsi alivyozidi kusikiliza ndivyo alivyozidi kushangaa kwamba mtu mwenye ujasiri huu alitoka katika nyumba yake, alilishwa na mikono yake hii yenye gundi.

Kidogokidogo kwikwi zilipungua. Ilisikika pua ikipengwa, mlango wa kabati la chuma ukifungwa.

"Haya," alisema Kinyume. "Nimemaliza."

"Umemaliza kabisa?"

"Kwa leo. Nivae aproni. Yule mgeni mpya haongei, nataka nikakae naye."

"Nenda, mwanangu. Wanakungoja."

Simu ilikatika. Fundi aliiweka mfukoni, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akairudia meza ya vitambaa. Mama mteja alisita, kisha akauliza kwa upole:

"Ni binti yako huyo? Yuko wapi?"

"Ndiye," alisema Fundi, akikunjua kitambaa cha buluu ili mama akione vizuri kwenye mwanga. "Yuko kazini."